Kiti cha Waziri na Kinachokishikilia: Safari ya Anicet Kashamura

Katika teritori ya Kalehe, ambamo Bunyakiri imo, mtu wa kwetu akiteuliwa waziri Kinshasa tunashangilia kana kwamba barabara tayari imetengenezwa. Safari ya kisiasa ya Anicet Kashamura, Mhavu wa Kivu, inatufundisha kupima kwanza kile kinachokishikilia kiti. Chama chake cha CEREA, kilichozaliwa Bukavu mwaka 1958, kilipata viti 10 kati ya 137 vya Bunge katika uchaguzi wa Mei 1960. Viti hivyo ni vichache, lakini vilikuwa na bei: serikali ya Waziri Mkuu Patrice Lumumba ilipitishwa Juni kwa kura 74, wakati wingi wa wabunge wote ulitaka 69. Aliyehitaji kila kura ilimpasa kugawa nafasi. Kashamura akapewa Habari, na Marcel Bisukiro wa chama hichohicho akapewa Biashara ya Nje.

Wizara ya Habari ilimpa Kashamura sauti bila kumpa ulinzi wa sauti hiyo. Tarehe 5 Septemba, Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwachisha kazi Lumumba pamoja na mawaziri kadhaa, Kashamura akiwemo. Siku iliyofuata askari wa Umoja wa Mataifa wakaifunga redio yenyewe. Nafasi ya pili ilikuja kwa bunduki. Siku ya Noeli 1960, askari kutoka Stanleyville, ngome ya wafuasi wa Lumumba, waliingia Bukavu na kumkamata Jean Miruho, rais wa jimbo, na Kashamura akashika Kivu. Tarehe 1 Januari, askari wa Mobutu, mkuu wa jeshi aliyempinga Lumumba, waliopitia Ruanda-Urundi walishindwa kuuteka mji. Hata hivyo utawala wa Kashamura ulidumu wiki chache tu, kisha wenzake wa Stanleyville wakamwondoa. Kushinda vita vya siku moja ni jambo moja. Kulipa mishahara, kutuliza askari na kuendesha ofisi ni jambo lingine.

Kuna watakaosema tunamhukumu kwa ukali. Jeshi liliasi siku chache tu baada ya uhuru, Katanga ikajitenga tarehe 11 Julai, na Wabelgiji hawakuwa wameandaa Wakongo kushika utawala. Haya ni kweli, na yanampunguzia lawama. Lakini ndiyo yanayothibitisha hoja yetu: pasipo hazina, makarani na jeshi lenye nidhamu, hata mtu mwenye akili na ujasiri hawezi kutawala. Akili hakuikosa: akiwa uhamishoni Ufaransa aliandika vitabu, kikiwemo kile cha 1966 kuhusu Kongo kutoka Lumumba hadi makanali. Kwa hiyo mwananchi wa Bunyakiri, anayeingoja barabara ya Miti hadi Hombo, amwulize waziri wake mambo matatu: fedha zimeandikwa katika bajeti gani, nani atazisimamia, na kazi itaendeleaje siku waziri huyo atakapoondoka. Asiyeweza kujibu ametuletea heshima tu, na heshima peke yake haipitishi gari msimu wa mvua.