Raha-joto: Dhana na Istilahi Yake katika Ujenzi

Miongoni mwa maneno yanayowasumbua wafasiri wa nyaraka za ujenzi ni yale yanayohusu joto na baridi ndani ya nyumba. Waraka mmoja huandika joto, wa pili halijoto, wa tatu starehe, na msomaji hubaki akidhani kuwa ni jambo moja. Madhara yake hayaishii katika lugha. Ofisi yaweza kujengwa kwa gharama kubwa, kipimajoto kikaonyesha nyuzi zilizoagizwa katika mkataba, na bado wafanyakazi wakashinda wakitokwa na jasho au wakijifunika mitandio. Katika makala haya tutaeleza dhana inayohusika, kisha tutapendekeza istilahi.

Tuanze na maneno tuliyo nayo. Katika sayansi, joto ni nishati inayohama kutoka kwenye kitu chenye moto zaidi kwenda kwenye kilichopoa. Halijoto ni kipimo kinachosomwa kwa nyuzi. Fukuto ni jina la hali anayoihisi mtu. Msemaji wa pwani hasemi kuwa kuna fukuto kwa sababu ya nyuzi tu. Husema hivyo hewa inapojaa unyevu na upepo unapokufa. Neno hilo la kila siku linakusanya mambo ambayo kipimajoto peke yake hakiyaoni.

Wataalamu nao wamefikia jambo hilo hilo kwa njia ya hesabu. Mwili wa mtu aliyeketi akifanya kazi ya ofisini huzalisha joto la kiasi cha wati 100, nao hauna budi kulitoa nje. Kutoka kwake hutegemea mambo sita: halijoto ya hewa, mnururisho wa kuta, dari na madirisha, mwendo wa hewa, unyevu, mavazi, na kazi anayoifanya mtu. P. O. Fanger wa Denmark aliyaunganisha mambo hayo katika kitabu chake cha mwaka 1970, na hesabu yake ikaingizwa katika Kiwango namba 7730 cha Shirika la Kimataifa la Viwango mwaka 1984. Jibu lake husomwa kwenye mizani ya daraja saba, kuanzia -3, yaani baridi kali, hadi +3, yaani joto kali. Sifuri ni hali ya mtu asiyeona joto wala baridi. Hata hapo, hesabu hukadiria kuwa watu 5 katika kila 100 hawataridhika. Ni dhahiri, basi, kwamba kinachopimwa si chumba, bali ni hali ya watu waliomo.

Hapa ndipo kosa la tafsiri linapozaa kosa la ujenzi. Tuchukue ofisi mbili ambazo hewa yake ni ya nyuzi 27 za Sentigredi. Ya kwanza ina ukuta wa kioo unaopigwa na jua la alasiri, na madirisha yake hayafunguki. Ya pili ina kuta nene zilizo kivulini, na feni inazunguka darini. Halijoto ya hewa ni moja, lakini aketiye karibu na kioo huchomwa na mnururisho, na mwenzake huburudika. Mkataba unaotaja halijoto peke yake hauwezi kuzitofautisha ofisi hizi. Mafundi waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zilizo juu, waliifahamu tofauti hiyo.

Isitoshe, mtu huzoea mazingira yake. Uchunguzi wa de Dear na Brager, uliochapishwa mwaka 1998, ulionyesha kuwa watu wanaofungua madirisha wenyewe huridhika na halijoto inayofuata majira ya nje. Mwaka 2004 matokeo hayo yaliingizwa katika Kiwango namba 55 cha chama cha wahandisi wa Marekani kiitwacho ASHRAE. Kwa hesabu yake, wastani wa nje ukiwa nyuzi 27, hali ya katikati ndani ni kama nyuzi 26, na wengi huweza kuridhika hata katika nyuzi 29. Anayenukuu nyuzi 22 kutoka waraka wa nchi ya baridi na kuzifanya sharti la ofisi ya Dar es Salaam anaagiza umeme usiohitajika.

Tuje sasa kwenye istilahi. Faraja haifai, kwa kuwa kwetu ni maliwazo ya aliyefikwa na msiba. Starehe huleta fikra ya anasa, na mkaguzi wa matumizi aweza kuifuta katika makadirio. Raha ni wepesi wa mwili usio na la kulalamikia. Kwa hiyo tunapendekeza raha-joto: hali ya mtu kuridhika na joto au baridi inayomzunguka. Joto hapa ni lile la sayansi, liwe jingi au dogo. Mwalimu hana budi kulieleza hilo, wanafunzi wasije wakadhani kuwa ni raha ya kuota jua.

Vivyo hivyo, jengo lisiitwe la kubana nishati, bali jengo la matumizi bora ya nishati. Kubana hudokeza kuwa watu watavumilia shida ili umeme upungue, na mtu aliyekosa raha-joto hununua kiyoyozi chake mwenyewe, akiba yote ikapotea. Nao waliomo tuwaite wakaaji, jina linalomfaa karani wa ofisini sawasawa na mwenye kulala nyumbani.

Kwa kufuata mapendekezo haya, sharti la mkataba lingesomeka hivi: “Jengo litawapatia wakaaji raha-joto kwa matumizi bora ya nishati.” Mjenzi anayesoma sentensi hiyo atajua kwamba kazi yake itapimwa kwa kuwauliza wakaaji pia, wala si kwa kutazama kipimajoto tu.