Kuchagua Kitabu cha Fizikia ya Plazima

Gesi ikipashwa moto mkali mno, atomi zake hupokonywa elektroni, nayo hugeuka kuwa plazima, yaani mchanganyiko wa ioni na elektroni zilizo huru. Jua na nyota ni plazima. Jina hilo lilitolewa na Irving Langmuir wa Marekani mwaka 1928.

Mwanafunzi anayejifunza elimu hii mara nyingi hukwama, si kwa upungufu wa akili, bali kwa kuanza na kitabu kisichomfaa. Kitabu cha Lyman Spitzer cha mwaka 1956 ni kifupi na mashuhuri, lakini chadai msomaji aliyekwisha kuimudu fizikia. Kile cha Zel'dovich na Raizer, kuhusu mawimbi ya mshtuko na joto kali, ni hazina ya mtafiti. Anayeanza yampasa ashike kile cha Francis Chen, kilichotolewa mwaka 1974: hueleza kwanza mwendo wa chembe moja katika uga wa sumaku, kisha mawimbi, tena kina mazoezi.

Msomaji azingatie vipimo. Vitabu vya elimu hii mara nyingi hutaja halijoto kwa elektronivolti. Elektronivolti 1 ni sawa na kelvini 11,600 hivi. Aidha, vingi vya zamani hutumia sentimita na gramu, kwa hiyo kanuni zao hutofautiana na zile za shuleni.

Mwalimu atakayesisitiza kalkulasi, umeme na sumaku atakuwa amekwisha kumfungulia mwanafunzi mlango wa elimu hii.