Gunia la Samaki Halilipi Nauli

Haupiti mwezi wa Juni pasipo mwalimu, au muuguzi, au karani wa hapa Mulongo kunijia na swali ambalo nimekwisha kulijibu mpaka nimechoka: "Mzee, likizo kubwa hii nataka kuwapeleka watoto Lubumbashi wakaone bustani ya wanyama na shangazi zao, nibebe magunia mangapi ya samaki wakavu ili safari ijilipe yenyewe?" Haniulizi safari itagharimu kiasi gani, wala masurufu ya watu watano kwa siku kumi ni fedha ngapi, hayo ayaona madogo, maadamu moyoni amekwisha kukata shauri kwamba kambale wa Lualaba watamnunulia tikiti ya kwenda, watamlisha akiwa huko, kisha watamrudisha kwake na akiba mfukoni.

Mimi ni mhasibu, mtu ambaye aghalabu huulizwa shauri baada ya fedha kwisha, kwa hiyo nitasema waziwazi: dhana hii ni batili. Asili yake naijua. Tangu reli itokayo Lubumbashi ilipofika Bukama mwaka 1918, na vyombo vya mtoni vikauunganisha mji ule na Kabalo na Kongolo, samaki wa maziwa ya Kisale na Upemba wamekuwa kitoweo cha watu wa migodini, na akina mama wa bandari yetu wamesomesha watoto kwa biashara hiyo. Mwalimu humwona mmoja wao akirejea na vitenge vipya, akadhani siri imo ndani ya gunia. Ilhali mama yule ana mnunuzi wake katika soko la mtaa wa Kenya huko Lubumbashi, aujua mwezi ambao bei hupanda, aijua ghala isiyovuja, ajua tozo ipi ni halali na ipi ni ya kubishana, na fauka ya hayo yote hayuko likizoni. Yeye akikawia Bukama yuko kazini. Mwalimu akikawia Bukama anakula nauli ya kurudia.

Tuseme gunia limenunuliwa hapa kwa 100, iwe elfu za franki au dola si neno, nalo Lubumbashi lauzwa 160. Muulizaji huishia hapo, akaifurahia 60 yake. Na tutoe sasa 15 ya boti mpaka Bukama, 20 ya treni, 5 ya wachukuzi wa kupakia na kushusha, na 10 ya tozo za njiani, zenye risiti na zisizo na risiti: mtaji pamoja na harija umekwisha kufika 150. Kisha sehemu moja katika kumi ya samaki imevunjika au imeliwa na dudu, basi sokoni imepatikana 144 tu. Hasara ni 6 kwa kila gunia, na aliyebeba mengi amejiongezea hasara. Nami bado sijawahesabu shangazi, ambao hawatakubali mtu atoke Mulongo na magunia matano halafu awape mkono mtupu, wala jirani wa shangazi aliyechukua kwa mkopo na kuahidi kulipa mwisho wa mwezi, wakati ambao msafiri hatakuwapo. Tarakimu hizi ni za mfano. Weka zako, lakini weka zote. Tena likizo ni ya wote, hivyo watumishi wa kando ya mto hufikisha mizigo yao majuma yale yale ya Julai, na mnunuzi ajua kuwa wana haraka.

Huyo dudu naye astahili maneno yake. Mabuu yake ya kahawia, yenye manyoya, hujificha katika vichwa na matumbo ya samaki asiyekauka sawasawa, na katika joto la gunia lililofungwa huzidi siku kwa siku. Ukifungua mzigo wamwona kambale mzima, mkia na masharubu, ukimshika kichwa kinabonyea na unga mwembamba kama pumba unakumwagikia mkononi: ngozi imebaki, nyama imekwenda. Wapo wanaojisifu mbele yangu kwamba tiba yake ni kumnyunyizia samaki dawa ya kuulia mbu. Ile ni sumu, na haiondoki yote kwa kuosha wala kwa kupika. Mtu anayewalisha watoto wa wenzake sumu ili wa kwake wakaone simba kizimbani, sina hesabu ya kumfanyia.

Kinachokula fedha katika safari zetu ni siku za kungoja. Kiangazi maji hupungua, boti hukwama mchangani, na treni hufika ifikapo. Mwenye begi moja aweza kuhama chombo, akapanda pikipiki au lori; mwenye magunia amefungwa nayo, hulala juu yake stesheni, na kila mlo wa bukari hununua kwa bei ya mgeni.

Basi fanyeni hivi, maana nafasi yangu inakwisha. Hesabuni siku za njiani, ongezeni nusu yake za kungoja, na zote zitengewe chakula. Nauli ya kurudi iwe ya kwanza kuwekwa, kwenye M-Pesa au Airtel Money, isiguswe. Katika likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu, ombeni zamu ya Juni tangu mwanzo wa mchezo. Dola ziwe safi, kwani noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa. Nazo badilisheni kidogo kidogo. Kila nyumba mtakayofikia, furushi moja la samaki, la zawadi. Shule za msingi za serikali hazitozi karo tangu 2019, lakini daftari na sare hununuliwa, na sekondari hulipwa: fedha hiyo ibaki nyumbani. Fedha za safari zisipotosha watu watano, waende wawili. Zisipotosha wawili, mwalikeni shangazi aje huku Agosti, samaki ni wabichi na kitanda ni cha bure.