Zimamoto aliyesusiwa na wenzake

Mzazi, mwanao akirudi kutoka kazini akasema, “Hawanitaki pale,” utamshauri aache?

Tumtazame Wesley Williams wa New York. Babu na bibi yake walikuwa watumwa. Baba yake, James, alipanda hadi kuwa mkuu wa wapagazi weusi katika stesheni ya treni ya Grand Central, na alijulikana na wakubwa wengi waliopita pale na mizigo yao.

Januari 1919 Wesley, akiwa na miaka 21 na tayari ana mke na watoto, aliripoti kituo cha zimamoto namba 55, Manhattan. Mkuu wa kituo akaomba kustaafu. Wazungu aliowakuta wakaomba uhamisho, wakakataliwa. Hasira zao zikamwishia yeye.

Kwa zimamoto hilo si jambo dogo. Kituoni mnakula na kulala pamoja, na ndani ya moshi uhai wako uko mikononi mwa mwenzako.

Wesley hakuondoka. Alifanya kazi, akasomea mitihani ya kupanda cheo. Mwaka 1927 akawa ofisa, na 1938 akapandishwa tena kuwa mkuu wa vituo kadhaa. Mwaka 1940 akaanzisha na wenzake chama cha Vulcan, ili zimamoto weusi waliokuja nyuma yake wasisimame peke yao.

James alimfungulia mwanawe mlango kwa kujuana na watu. Kubaki ndani ilikuwa kazi ya mtoto mwenyewe. Je, wetu tunawaandaa kwa hilo la pili?