Safari Rally ilivyofuzu upya huku njia ya Meru ikiachwa nyuma

KATIKA michezo ya kasi, wanaozoeleka kupigania nafasi ya kufuzu ni madereva. Lakini mnamo Julai 2019 waliotahiniwa hawakuwa madereva bali mashindano yenyewe: Safari Rally ya Kenya iliandaliwa kama mtihani wa kuamua iwapo ilistahili kurejeshwa katika Mbio za Magari za Dunia (WRC).

Safari ilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na WRC ilipozinduliwa mwaka 1973, Kenya ilikuwamo. Sifa yake ilikuwa ustahimilivu. Magari yalikimbia maelfu ya kilomita katika barabara za umma, zikiwamo zile za kuzunguka Mlima Kenya kupitia Meru na Embu. Mvua ikinyesha, tope lilikuwa mpinzani mkali kuliko dereva yeyote. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba tu. Mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza saba vilevile. Mkazi wa Meru hakuhitaji kufunga safari kwenda uwanjani; mbio zilimfuata kwao.

Uzuri huo ndio ulioiponza. Barabara hazikufungwa, hivyo washindani walizitumia pamoja na malori, matatu na mifugo. Kwingineko duniani, muda ulipimwa katika vipande vifupi vilivyofungwa kwa magari mengine yote. Helikopta zililazimika kuruka juu ya magari ya timu kubwa ili kuwatahadharisha madereva, na gharama zikazidi kupanda. Colin McRae aliposhinda mwaka 2002, hiyo ikawa Safari ya mwisho ya WRC kwa karibu miongo miwili.

Ili kurudi, Kenya ilipaswa kuuthibitishia mwili unaosimamia mchezo huo duniani, FIA, kwamba ingeweza kufunga barabara, kuwadhibiti watazamaji na kuwafikia majeruhi haraka. Mbio za majaribio za 2019, zilizofanyika hasa maeneo ya Naivasha, zilishindwa na Baldev Chager. Miezi miwili baadaye Kenya iliwekwa kwenye kalenda ya 2020. Janga la korona likaahirisha ndoto hiyo hadi Juni 2021, Sébastien Ogier wa Ufaransa aliponyakua ushindi.

Safari iliyorejea ilikuwa na takriban kilomita 320 za ushindani, nyingi zikiwa katika ranchi na hifadhi za Bonde la Ufa, ambako ni rahisi kufunga njia. Katika miteremko ya Meru na Embu, yenye watu na mashamba tele, kufunga barabara kwa saa nyingi ni kufunga soko, shule na hospitali. Kwa hivyo masharti yaliyoirudishia Kenya heshima yake ndiyo yaliyowaondolea mashabiki wa mlimani mbio zilizokuwa zikipita malangoni mwao. Usalama una bei yake, na sehemu ya bei hiyo imelipwa na Meru.