Fahamu: Mkopo wa kausha damu unavyomaliza mtaji

Kausha damu ni mkopo wa riba kubwa. Mama lishe akikopa Sh100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa wiki, kila wiki atatoa Sh10,000 bila deni lenyewe kupungua. Ikifika wiki ya 10 amelipa riba ya Sh100,000, na zile alizokopa bado anadaiwa zote.

Nchini Tanzania, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni. Novemba 2024, Benki Kuu ilitaja programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali.

Kabla ya kusaini, mkopaji aulize leseni, jumla ya marejesho na dhamana. Kwenye vikundi vya kuweka na kukopeshana (VICOBA) kuna nafuu: riba hurudi kwa wanachama wenyewe wanapogawana faida.