Ngome za Udongo, Kutoka Mbulu Hadi Bigo

Katika karne ya 19, Mwiraqw, yaani mtu wa kabila la Wairaqw wa kaskazini mwa Tanzania, aliyetaka kuwalinda ng'ombe wake alishika jembe, akachimba. Kwenye milima ya Mbulu, iliko Tlawi, nyumba ilizamishwa ndani ya mteremko, ikaezekwa kwa miti na udongo. Paa lake bapa, upande wa juu, lililingana na ardhi. Wavamizi wa Kimasai waliofuata mifugo wangeweza kupita karibu wasiione. Humo ndani watu walilala pamoja na ng'ombe wao.

Vita vya kunyang'anyana mifugo vilipopungua katika karne ya 20, familia nyingi zilihamia mabondeni na kujenga juu ya ardhi. Nyumba iliyozamishwa ikiachwa, miti ya paa huoza, udongo huporomoka, na linalobaki ni shimo lililoota nyasi.

Nchini Uganda nako watu walichimba, ila kwa kipimo kingine kabisa. Huko Bigo bya Mugenyi, kusini mwa Mto Katonga wilayani Sembabule, mahandaki yana urefu wa zaidi ya kilomita 10. Mengine yana kina cha takriban mita 4 na yamekatwa hadi kwenye mwamba. Mtafiti Peter Shinnie alichimba hapo mwaka 1957, akafuatiwa na Merrick Posnansky mwaka 1960. Masimulizi ya wenyeji huyahusisha mahandaki hayo na Wachwezi, watawala wa kale wanaotajwa katika hadithi za eneo hilo.

Je, ilikuwa ngome?

Posnansky aliona katika boma la ndani makao ya mfalme. Hata hivyo, handaki refu kiasi hicho, lenye mapengo mengi, lingehitaji jeshi kubwa kulilinda. Kwa hiyo wapo wanaoona kwamba lilisaidia pia kudhibiti ng'ombe na kuwazuia wasiingie mashambani. Maelezo hayo hayapingani, kwa kuwa utajiri wa mtawala wa wafugaji ulikuwa mifugo yake. Mwiraqw aliuficha utajiri huo chini ya nyasi. Mtawala wa Bigo aliuzungushia handaki lisilofichika.

Tukirudi Mbulu, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, inalinda majengo yaliyosimamishwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Mkulima wa Tlawi anayekutana na shimo la ajabu mlimani ana sababu nzuri ya kuwauliza wazee, kisha kutoa taarifa kijijini kabla trekta halijalisawazisha.